Sanduku la Meli na Ng'ombe wa Igogwe

Durban, nyumbani kwa Gwakisa

Mama Gwakisa,

Ugonile? Mimi nimeamka salama. Macho niliyofunguliwa hospitalini huku yanasoma namba za magari ng'ambo ya barabara, wakati vijana wa umri wa Gwakisa wanatembea na miwani. Wewe goti lako vipi? Ng'ombe unawakamua mwenyewe, au umemwachia tena mdogo wako anayevuta chuchu kama anang'oa magugu? Migomba ya upande wa mtoni imewekewa nguzo? Mvua siulizi. Mvua ya Rungwe haijawahi kusubiri mtu aiulizie.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma madarasa matatu tu, na bado barua hii itakuwa ndefu kuliko zote ulizowahi kuletewa na hao ndugu zako waliosoma. Sikupiga simu kwa sababu simu ukiipokea unaiweka sauti ya juu, na kila nikisema neno nasikia nusu ya Matwebe wanakohoa nyuma yako. Haya ni yako peke yako. Soma polepole, jikoni, mlango umefungwa.

Tumesafiri kwa meli. Sio ile ya kuvusha watu na magunia, hapana. Ni meli ya matembezi, ghorofa juu ya ghorofa, ndani kuna maduka na bwawa la kuogelea. Yaani bwawa juu ya bahari, watu wameona maji ya chini hayatoshi. Kazini kwa Gwakisa, pale kwenye kreni za bandarini, walipewa nafasi ya kwenda na familia zao hadi kisiwa kimoja cha Msumbiji na kurudi. Huendi popote. Unakula, unatazama maji, unarudishwa ulikotoka. Gwakisa alitaka akuite na wewe. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia, mama yako akiona nyama imebaki kwenye sahani za watu ataanza kufunga kwenye khanga, atatuaibisha mbele ya wazungu. Usinune. Kwenye harusi ya binti wa kaka yako ulifanya hivyo hivyo.

Sasa nikueleze habari ya mkamwana wako.

Atupele ulimfunda wewe mwenyewe alipotoka kwao Igogwe. Asinitazame, asikae chumba kimoja na mimi, asitamke jina langu, akinisikia nakohoa apishe njia. Kutila. Mama yangu alimtila babu mpaka babu akaingia kaburini. Alikuwa akimsikia anakuja, anajitupa migombani na mzigo wa kuni kichwani, matope mpaka masikioni, na watu waliiheshimu nyumba yetu kwa ajili hiyo. Sikuvuka nchi zote hizi nije kuivunja mila hiyo kwenye nyumba ya ghorofani yenye vyumba viwili. Hapa anapika, anaacha chakula mezani, anaingia chumbani, ndipo natoka. Akiwa na neno anaiambia sufuria. "Sufuria, mwambie baba chumvi imekwisha." Nami naijibu sufuria. Tumeishi hivyo tangu nije na hakuna aliyekufa.

Ikafika siku ya kufunga mizigo. Sanduku kubwa la magurudumu likawekwa koridoni. Yeye yuko nyuma ya pazia la jikoni na simu yake, anasoma mambo ya meli. Mimi niko mlangoni kwangu.

"Sanduku," akasema, "mwambie baba melini watu wanabeba nguo nyepesi, kofia, ndala, mafuta ya jua, na nguo moja nzuri ya chakula cha jioni. Na sweta, maana ndani kuna baridi ya mashine."

"Sanduku," nikasema, "mwambie mimi nabeba koti la suti, blanketi langu na gambuti."

"Sanduku, muulize baba gambuti za nini."

"Za maji! Anadhani meli inapita kwenye lami?"

Mama Gwakisa, nikamsikia anacheka. Ameziba mdomo na mkono, lakini anacheka. Nikasema moyoni, haya, cheka.

Gwakisa akatoka chumbani amefunga uso. "Baba, chumba cha melini ni kimoja. Vitanda vinne, vya kupandana. Mtalalaje?"

"Wewe ndiye uliyekata tiketi. Niambie wewe."

"Mfungue, baba. Siku hizi baba mkwe anatoa kitenge, mkamwana anapokea, wanashikana mikono, yamekwisha. Hata wazee wa kanisa Tukuyu wanafanya."

"Wazee wa kanisa wamezoea kushika mikono. Mimi nimezoea kushika jembe."

"Atupele mwenyewe ameomba."

Na kweli, nyuma ya pazia sauti ikatoka, ndogo, ile ya mtu aliyejipanga muda mrefu. "Sanduku, mwambie baba naomba. Mwambie mtoto wangu anakua, ananiuliza kwa nini namkimbia babu kama mwizi. Mwambie sitamdharau nikifunguliwa. Naomba anifungue."

Nikasema, "Sanduku, mwambie aendelee kupanga nguo."

Akaendelea kupanga. Nilisikia zipu.

Asubuhi ya safari nikafungua sanduku nitie gambuti zangu. Haziingii. Katikati kumekaa mfuko wa kitambaa, mnene kama mto. Kufungua, nakuta vitenge viwili vimeshonwa pamoja, juu vina vitanzi na kamba. Pazia! Ameshona la kukatia chumba cha meli, upande wao na upande wangu. Mimi nitundikiwe pazia kama maiti inayosubiri kuoshwa? Mtu aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma wakati wenzake wanakandika matope? Nikautoa mfuko wote, nikausukuma chini ya kitanda changu. Gambuti zikaingia zimenyooka vizuri. Kumbe chini ya pazia, mle mle mfukoni, kulikuwa na vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha bahari. Sasa niambie wewe, mtu mwenye akili anaficha dawa chini ya mapazia?

Bandarini wakapitisha mizigo kwenye mashine. Kisu changu cha kumenyea ndizi wakakichukua, na ndizi zenyewe wakazichukua. Nikamwambia askari, ndizi mbivu wanakula watoto, hizi zinataka moto na chumvi, utaumwa tumbo. Hakuelewa. Gambuti waliziacha, wakapigana viwiko.

Tukaingia chumbani. Kidogo, banda lako la kuku ni kubwa. Mimi nikapanda kitanda cha chini, nikageukia ukuta ili yeye aingie aweke vitu. Nikamsikia anapekua.

"Sanduku, muulize baba ule mfuko wa kitambaa uko wapi."

"Sanduku, mwambie umebaki unalinda nyumba."

Gwakisa akasema, "Baba." Akaishia hapo. Mkewe akampandisha mtoto kitandani, akamfunika, akatoka na kigauni kile kile alichovaa mchana. Akalala kwenye viti vya ukumbi wa juu, penye baridi ya mashine. Gwakisa akaja kuniambia nitoke mimi, mwanamke apate kitanda. Nikamuuliza nani kamzaa mwenzake kati yangu na yeye. Akaenda kukaa na mkewe, akarudi kumwangalia mtoto, akaenda tena, usiku kucha kama mlinzi wa ghala. Mimi nililala vizuri.

Kulipokucha upepo ukaanza. Gwakisa akampeleka mtoto kwenye bwawa. Mimi nilikuwa nimeletewa mayai, soseji na mkate, nikamaliza vyote pamoja na vya Gwakisa. Ndipo chumba kikaanza kupanda na kushuka kama lori la majani ya chai kwenye barabara ya matope. Nikasema nitalala litapita. Halikupita. Nikashuka kitandani nitafute ndoo, miguu ikakataa, nikaanguka katikati ya vitanda na chupi tu. Mama Gwakisa, yakatoka ya juu, yakatoka na ya chini. Nakuandikia kwa sababu wewe umenizoea.

Nikasikia viatu vinasimama mlangoni.

"Mlango, mwambie baba nimekuja kuchukua sweta yangu. Naomba atoke nipite."

"Siwezi kusimama!"

"Mlango, mwambie baba basi nasubiri."

Nikatapika tena. "Ita mtu! Nakufa huku!"

"Mlango, muulize baba anaongea na nani."

"Na wewe!"

"Mlango, mwambie baba mkamwana haongei na baba mkwe. Nilifundishwa."

Ulimfundisha vizuri mno. Nililala pale, shavu kwenye uchafu wangu, namsikia anavyopumua upande wa pili. Hakuondoka, hakuingia. Mwisho nikasema, "Ingia."

"Mlango, mwambie baba sijasikia."

"Ingia, Atupele. Ingia, mwanangu."

Akafungua. Hakuinamisha kichwa. Akanitazama usoni, akashuka taratibu mpaka kwenye miguu, akapanda tena mpaka usoni. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa baridi. Akaniruka, Mama Gwakisa. Alinyanyua gauni lake akaniruka kama mtu anavyoruka mfereji. Akafungua sanduku, akatoa gambuti moja, akatoa ya pili, akazipanga sakafuni karibu na kichwa changu. Akachukua sweta, akavaa, akafunga vifungo vyote, bila haraka. Kisha akasema jina langu. Si Baba Gwakisa. Lile aliloniita baba yangu nilipozaliwa, na la babu akaliunganisha. Sitaliandika hapa, unalijua.

Akasema, "Uliniambia niendelee kupanga nguo. Nimepanga."

Akatoka, akaacha mlango wazi. Watu walikuwa wanapita na mataulo mabegani. Mama mmoja wa Kihindi akamziba mtoto wake macho.

Baadaye wakaja wafanyakazi wawili wa meli, wakaniosha kama mtoto mchanga, wakanichoma sindano. Gwakisa anasema Atupele ndiye aliyewaita. Mimi sikumwona akiwaita.

Kisiwani sikushuka. Niliketi dirishani, na haya macho yangu mapya, nikawaona ufukweni wadogo kama kuku, Gwakisa, mtoto, na yeye na nguo ya kuogelea, anarusha maji. Sijawahi kumwona akicheka uso mzima. Nilitamani macho yangu ya zamani.

Tumerudi. Sasa sufuria haiambiwi kitu. Anakaa mezani, ananitazama, anasema, "Baba, sukari hii hapa." Naichukua sahani yangu naingia nayo chumbani. Gwakisa akaja kusimama mlangoni kwangu. Akasema, "Baba, kula na sisi, au nikukatie basi la kurudi." Nikamwambia akate. Kwa hiyo narudi kwa hiari yangu, na wakikuuliza hapo Matwebe sema hivyo hivyo, sema amechoka na vyakula vya huko. Yule mwenye duka wa mtaa wa Bagamoyo, hapo Tukuyu, aliyesema nitafia kwenye ndege, mwambie mimi hata bahari imenishindwa.

Sasa kazi yako. Kutamka jina la baba mkwe ni faini ya ng'ombe, na kumruka ni kosa lingine. Chukua wazee wawili, nenda Igogwe kwa baba yake Atupele, adaiwe. Nimeliwaza sana hili. Najua watauliza lilitamkwa wapi. Sema melini. Watauliza mzee alikuwa katika hali gani mpaka mkamwana akamfikia karibu hivyo. Sema alikuwa amelala. Watauliza, kwa nini mkamwana alikuwa chumbani na mzee amelala. Hapo sema hujui, na kweli hujui, mimi ndiye ninayejua. Wakizidi kuuliza, inuka uage.

Nisalimie mdogo wangu seremala, mwambie kitanda changu akikaze misumari kabla sijafika. Msalimie dada yangu wa mtoni, na mama yako mzazi ikiwa bado anasikia. Mjomba wa Gwakisa anayekodi shamba langu la maharage msalimie kidogo tu. Gwakisa anakusalimu, mjukuu wako anakusalimu, amejifunza kuogelea.

Atupele amepita hapa nikiwa naandika. Amesimama, amesoma juu ya bega langu, hajajificha. Amesema, "Msalimie mama. Mwambie wazee wakifika Igogwe wakauliza, baba yangu anipigie simu. Mimi nitawaeleza yote, tangu nilipofungua mlango."

Salamu zake nimeziandika kwa sababu ameendelea kusimama hapa mpaka nimeandika.

Igogwe usiende. Ngoja nifike.

Ni mimi mumeo,
Baba Gwakisa