Mkono wa Orpah

S.L.P. 48,
Tabaka.
12 Mei 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mokua,

Salamu tele katika jina la Bwana. U mzima huko Lodwar? Joto umelizoea? Sisi hapa mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Goti la mama limepata nafuu, na Mose wenu ameng'oka jino la mbele, anacheka ovyo ili tulione pengo.

Ninaandika kwa sababu kwa simu ningekata kabla sijasema yote.

Nilikuambia mkeo Orpah alijikata kwa kutokuwa makini. Nilikudanganya, Mokua. Kosa ni langu.

Kikundi chetu cha wachongaji kilifanya mafunzo ya pamoja, mzoefu na mgeni kwenye jiwe moja. Mimi ndiye niliyewapanga. Wageni walipaswa kukaa kwanza na Nyakerario, yule mama anayechonga sanamu za viboko, awaonyeshe kuloweka jiwe, kulituliza juu ya gunia na kusukuma kisu mbali na mkono. Nikaona huko ni kupoteza wakati. Nikasema watajifunza humo humo! Haraka haraka haina baraka, na mimi huwaimbia wengine hivyo.

Kisha nikamweka Orpah na Baba Mdogo Zachariah. Nilitazama ufundi wake tu, nikasahau chinsoni, ile miiko yetu ya heshima kati ya wakwe. Mtu na mke wa mwanawe! Mzee hangeweza kumshika mkono amwelekeze, wala Orpah hangeweza kumsogelea na kumuuliza. Baba Mdogo akageuka, akawa anaueleza ukuta. Orpah hakuwa ameshika kisu cha kuchongea maishani mwake, akakivuta kuelekea kwake. Kiganja kilishonwa.

Nasikia ulimgombeza, ukamwamuru aache kazi. Hakunitaja. Naona aibu hata kumpa chai.

Juzi nilimwomba msamaha, nikamwambia Nyakerario yuko tayari kumfunza tangu mwanzo, taratibu, wanawake peke yao. Akaniambia, "Nifunzwe ya nini, wifi, na Baba Mose ameshasema niache?" Kisu alikuwa ameshakirudisha.

Nisalimie Ombati, jirani yako, na mkewe Ruth. Mama anakuombea kila asubuhi. Mungu akutunze.

Mpigie Orpah leo, umwambie arudi kazini. Akikuuliza nani amekueleza ukweli, mwambie ni Lavender, na kwamba amechelewa kuusema.

Dada yako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Lavender