Ngozi ya Mbuzi Juu ya Gitaa la Baba

Jumanne, 15 Julai 2025

Nimerudi kutoka shuleni Ngulyati, vumbi mpaka kwenye kope. Gitaa la baba halipo ukutani! Mume wangu Josia anakunywa chai kama hakuna kitu. Eti amelipeleka kwa Yakobo seremala. Mgeni wa kanisa anakuja tarehe 27 kutoka Marekani, na kwao wanapenda banjo, lile gitaa lenye uso wa ngozi. Kwaya haina banjo. Gitaa lipo, ligeuzwe. Basi!

Nikamwuliza, mimi umeniuliza?

"Mama Anna, si wewe utakayelipiga? Nimekuheshimisha."

Heshima gani hiyo! Baba alinifundisha kwa gitaa hilo, kwetu Mkula, nikiwa darasa la tatu. Alipofariki kaka zangu waligawana ng'ombe. Mimi nikachukua gitaa. Josia anayajua yote hayo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda kulichukua. Nimechelewa.

Uso wa gitaa umekatwa kwa msumeno — tundu la duara, pana kama sahani ya wali. Juu yake imewambwa ngozi ya mbuzi, mbichi, bado ina manyoya pembeni. Nzi! Yakobo maskini anasema mwenyekiti wa kwaya, yaani Josia, alimwambia tumekubaliana. Nikauliza, linaweza kurudi lilivyokuwa? Akaniita mama, kwa Kisukuma.

"Mayu, mbao hiyo haiungiki tena."

Nikatoka karakanani mbio. Harufu au hasira, sijui.

Jumamosi, 19 Julai

Ngozi imekauka. Yakobo ameangalia video kwenye simu: nyuzi mbili nene kazitoa, mahali pake kafunga mmoja mwembamba kuliko zote. Nyingine kazikaza upya, ukizipiga bila kubonyeza popote zinaitikiana zenyewe. Gitaa lilikuwa linazungumza taratibu. Sasa linabwata kama mtu anagonga sufuria. Josia kapiga makofi — hilo ndilo banjo!

Kisha akala ugali. Nimemtazama akitafuna. Miaka kumi na sita ya ndoa, leo ndiyo nimeona anavyolamba vidole. Kinyaa!

Jumanne, 22 Julai

Mazoezi. Kinachoniudhi zaidi ni vidole vyangu: vimelizoea. Kidole gumba kinagonga ule uzi mwembamba, vingine vinakimbia. Kwaya wote wanacheza. Ng'washi wa sauti ya kwanza kaniambia linapendeza, ila mbona nalipiga kama nachapa mtu?

Nikaanza wimbo mwingine. Najichukia kwa kulipiga vizuri.

Jumamosi, 26 Julai

Mchungaji kanipa barua ya mgeni, kwa kuwa kesho mimi ndiye mkalimani. Ukurasa mmoja. Nimeusoma mara tatu. Hakuna neno banjo! Anasema anatamani kusikia kwaya inavyoimba siku zote. Tu.

Nikambana Josia. Akacheka. Aliwahi kumwona Mmarekani na banjo kwenye runinga, akafikiri wote wako hivyo. Mgeni akifurahi atatujengea ukumbi, anasema. Na jina la mwenyekiti litaandikwa ukutani — hilo hakulisema, nimelisema mimi.

Nimehamishia mto wangu chumbani kwa Anna. Yeye yuko bweni.

Jumapili, 27 Julai

Naandika chumba cha kwaya. Komeo nimelifunga.

Tuliimba, nikapiga. Mgeni, mzee mwembamba mwenye mvi, akaomba alishike. Akapitisha kidole palipokatwa. Akauliza kwa Kiingereza, banjo hili mmelipataje? Sijakaa sawa, Josia kasimama, kifua mbele.

"Mwambie tulikuwa na gitaa kuukuu, halina kazi. Mke wangu mwenyewe kalitoa kwa moyo mmoja, kwa ajili yake."

Vigelegele kanisa zima!

Nikamgeukia mgeni. Nikasema kwa Kiingereza, polepole, kama ninavyowafundisha kidato cha kwanza. Kwamba lilikuwa gitaa la marehemu baba yangu. Kwamba mume wangu alilipeleka likakatwe nikiwa kazini, hakuniuliza. Kwamba hayo aliyoyasema sasa hivi ni uongo.

Mchungaji akavua miwani. Mgeni akanirudishia kwa mikono miwili, akaniomba radhi — yeye, asiyejua lolote! Akaketi, kainamisha kichwa. Na Josia bado anatabasamu, anageuka huku na huku akingoja makofi.

Sasa wako nje, wanapakua pilau. Josia yuko mlangoni.

"Mama Anna, fungua. Mgeni hataki kupiga picha na mimi. Umemwambia nini?"

Namsikia mchungaji akimwita pembeni wazungumze. Haendi. Anagonga kwa ngumi. Na si Mama Anna tena, anaita Rahel — jina langu, hajalitamka tangu mtoto azaliwe.

"Rahel! Umemwambia nini?"

Nje kumenyamaza, hata sahani hazisikiki. Wote wanasikiliza. Vizuri. Nitamwambia kwa Kiswahili. Nanyanyuka —