Mistari Sita ya Baba

Tianshui,
9 Novemba 1994

Mpendwa Shangazi Suying,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Magoti yanaendeleaje na baridi hiyo ya Harbin? Sisi hatujambo, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea. Baba amepona.

Nataka kukushukuru, maana siku ile ulikata simu kabla sijapata nafasi ya kusema lolote.

Unajua uvimbe wa shingoni ulifika mahali akashindwa kumeza hata tambi, na daktari akasema lazima apasuliwe. Lakini hukuona alivyorudi kutoka hekaluni alikokwenda kupiga ramli ya vijiti. Mzee Pang, yule msomaji wa alama anayekaa langoni, alimwambia alama aliyoipata, ile ya mistari sita, ni ya mahakama na adhabu. Mbingu zimemhukumu, na kisu cha daktari ndiyo hukumu yenyewe. Baba akavua viatu, akalala akitazama ukuta. Mama alimsihi mpaka akachoka. Ndipo nilipomvuta hadi dukani kwa jirani, nikakupigia.

Ulimtaka akuchoree mistari ile kwa kidole juu ya meza, akitaja mmoja mmoja. Wa juu mzima, wa chini mzima, ya kati imekatika, isipokuwa mmoja tu. Sauti yako ilisikika duka zima.

"Hayo ni mataya mawili, kaka. Na huo mmoja katikati ni nini?"

"Kitu kimekwama," baba akajibu.

"Sasa mtu mwenye kitu kimemkwama mdomoni anakaa tu kaachama, anangoja hukumu?"

Jirani alicheka. Baba hakucheka. Aliuliza polepole, "Na nikifia kwenye meza ya daktari, Suying?"

"Alama haikukuahidi uzima. Inakuambia ung'ate kilichokwama kikatike, na kisu ndicho meno yako. Huyo Pang kashika neno adhabu, mistari yenyewe hakuitazama."

Wiki iliyofuata alilazwa. Upasuaji ulichukua asubuhi nzima, na mama hakutaka hata kukaa kitini. Uvimbe umetoka wote. Sauti yake bado inakwaruza, lakini tambi anakula, tena ameanza kugomba kwamba pilipili ni kidogo. Mama anamkaripia huku anatabasamu. Ni muda mrefu nyumba hii haikuwa na ugomvi mtamu hivyo.

Jana nilimuuliza kama kweli ni alama iliyompeleka hospitali.

"Mistari ningebishana nayo," akasema. "Lakini Suying alikuwa analia. Ningebisha nini?"

Shangazi, mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikasikia ukali tu.

Nisalimie Baba Ruoxi, na Ruoxi mwenyewe. Mama anakusalimu sana. Mbingu zikutunze, na jiko lako lisizimike mpaka baridi iishe.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,

Huo Lanqin