Alama za vikombe kwenye vigimbi

Eveline pokea simu! Nimeaibika mbele ya usharika mzima.

Si unajua Alhamisi nilikwenda Makambako kwa yule Mchina? Alinidunga sindano, akanibandika vikombe vya moto kwenye vigimbi. Vimeacha maduara meusi tii.

Leo nikapiga magoti madhabahuni kupokea Meza ya Bwana. Sketi ikapanda. Wote waliokaa nyuma wakayaona!

Halafu kigimbi kikakaza, nikashindwa kuinuka. NIKASHINDWA, Eveline. Mama mkwe na Mzee Nathanieli wakaninyanyua kama gunia la viazi.

Tulipotoka nje mama mkwe akaniuliza, "Priska, nani kakuchanja?"

Kakuchanja! Nikamwambia ni vikombe vya Mchina. Akasema, "Mchina gani anatia watu alama za uganga?"

Jumatano naitwa mbele ya wazee wa kanisa. Nitawaapia sijawahi kukanyaga kwa mganga, na ni kweli kabisa.

Lakini mwaka wa tatu huu naumwa miguu. Vidonge nimemeza, nimeombewa, sasa hata vikombe vimeshindwa. Hapa nakuandikia nalia.

Kwa hiyo niambie kabla ya Jumatano: yule mganga wa Mdandu aliyemtibu shangazi yako mguu, bado yupo?