Msimamizi Wangu Amekuwa Mkwe Wangu

Shangazi Kahaso, shikamoo. Majina nimeyabadilisha, naomba uniokoe kabla mwezi haujaisha. Mimi ni mwanagenzi katika ofisi moja hapa Kilifi inayotengeneza programu za kompyuta za zahanati, na anayenifunza ni Madam Nelly, mama mwenye subira, aliyeniambia tangu mwanzo kwamba hatarajii nijue kila kitu, bali nisome kazi za wenzangu, nijaribu, na nikikwama niulize, nami nilikuwa nikimuuliza mpaka wenzangu wakinicheka. Sasa Shangazi, mimi na binti yake Kache tumependana, na baada ya Pasaka wazee wetu walikwenda kuposa wakakubaliwa, na kwetu Wagiriama wajua mwenyewe, mkwe hukai naye bega kwa bega mkatazama kioo kimoja cha kompyuta, basi nikimwona anakuja nainuka nampisha, chakula nakula nje, na maswali simuulizi tena. Juzi nikapewa kazi ya jumbe za simu za kuwakumbusha kina mama siku ya chanjo, pahali pa kuweka tarehe sikuelewa, nikaona haya kuuliza, nikakisia, jumbe zikataja siku isiyo yake, na kina mama wa Gongoni wakabeba watoto wachanga kwa bodaboda kwenye jua kali wakakuta zahanati imefungwa. Madam hakuja mwenyewe, alimtuma mwenzetu Zipporah aniambie, "Madam asema asiyeuliza haachiwi kazi ya watu, na mwisho wa mwezi ataamua kama wabaki au wenda." Naona amenikataa kazini na kwake pia. Je, niache kazi nimwoe Kache kwa heshima?

Kambi, Kibarani

*

Marahaba, mwanangu. Hongera ya posa. Sasa tulia nikuseme.

Kumwonea mkwe haya ni jambo jema, lakini kina mama wa Gongoni walikukosea nini? Kukisia siku ya chanjo ya mtoto wa mwenzio si heshima hata kidogo, na nimekasirika kusoma hilo. Programu ile hukuiandika wewe, utaijuaje bila kuuliza? Hakuna anayetaka mwanagenzi awe bingwa, wanataka aseme mapema kwamba amekwama. Mficha uchi hazai, nawe wataka kuoa!

Tena hukuona lililo wazi. Mwafanya kazi chumba kimoja, na bado mama wa watu amemtuma Zipporah. Yeye naye anakuonea haya, Kambi! Angekukataa angewaita wazee wenu, asingekupa mpaka mwisho wa mwezi.

Kazi usiache, Kache hatakula heshima. Leo hii mwambie Kache akakuombee ruhusa kwa mamake: kazini muwe mwalimu na mwanafunzi, nyumbani ukwe ubaki palepale. Kukaa bega kwa bega kukikushinda, kaa upande wa pili wa meza, au mwandikie. Jaribu kwanza mwenyewe, kisha useme umejaribu nini na umekwama wapi. Na ujumbe wowote ujitumie wewe kwanza, mwenzio aukague, ndipo uwafikie watu.

Swali la kuanzia nakupa mimi. Muulize chanjo ya Gongoni imepangwa tena lini. Akishakujibu, shika simu, wapigie kina mama wale mmoja mmoja, waombe radhi, uwaambie siku.