Diski ya Upande wa Wanawake

Mlandege, Iringa

Kwako mjukuu wangu Nasrin, mke mwenzangu,

Assalaam alaikum. Salamu naitanguliza nisije nikaambiwa sina adabu, lakini jua nimekasirika. Tangu hitma ya babu yako hujakanyaga hapa. Uyole na Iringa si mbingu na ardhi. Viazi vya huko vinafika sokoni kwetu kila siku, na havina hata miguu. Simu zako sihesabu. Simu haikai jikoni ikamenya vitunguu. Haya, hujambo? Kile kikohozi kimekwisha? Unakula? Usiniambie chai na maandazi, huko si kula, ni kudanganya tumbo. Mimi mzima. Baridi ikizidi magoti yananisema, naweka jiko la mkaa karibu na miguu, yananyamaza. Sina la kumlalamikia Mungu.

Anayeandika ni Gloria, yule fundi wa kompyuta, binti wa jirani yetu mzee Sifaeli. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuninyooshea maneno. Ukiona mahali pamenyooka sana, hapo ni yeye.

Nimekuwa na kazi kubwa. Unajua studio yetu ilivyokuwa. Babu yako Yunusu, Mungu amrehemu, alipiga picha za video upande wa wanaume: ndoa, mashehe, masinia ya pilau. Upande wa wanawake haingii mwanamume, basi akanitia kamera mkononi, akanionyesha pa kubonyeza, akasema mengine nitayajua mwenyewe. Nikayajua. Herufi siijui hata moja, lakini mabibi harusi wa Mlandege wamepita mbele ya kamera yangu vichwa wazi, mabega wazi, liwa la urembo limepakwa usoni, wanacheza bila kuogopa jicho la mtu. Waliniamini. Yote yamo kwenye diski ya kompyuta ya babu yako, na si mali yetu, Nasrin. Ni amana.

Sasa kompyuta ile imejaa na imezeeka, inawaka kwa kukohoa. Ambrosi, mwenye duka la fotokopi, akaiomba aitumie dukani. Nikakubali, maana marehemu hakupenda kitu kikae bure. Nikasema lakini kwanza vitu vya wanawake vihamie kwenye diski mpya, na ile ya zamani ifutwe, usibaki hata ukucha. Ambrosi akasema atanihamishia yeye, tena bure. Nikamwambia ahsante, lakini wewe una ndevu. Akacheka, akasema wanawake hao hao anawaona sokoni kila siku. Nikamjibu kwamba anayemwona sokoni ni muuza nyanya. Aliyemo kwenye diski ni bibi harusi, na huyo hajawahi kukutana naye.

Ndipo nikamwita Gloria. Yeye anasali kanisani, lakini amana haiulizi dini, inauliza mdomo kama unafungika. Tukakaa chumbani, pazia chini. Mafaili hayana majina, namba tupu, babu yako hakuwa na subira. Gloria anafungua, mimi natazama, nasema huyu ni binti wa fulani. Wengine niliwajua kwa mgongo. Kila mmoja nikampelekea habari aje mwenyewe na flashi yake, achukue chake, aseme nimtunzie nakala nyingine au nifute. Nyumba ilichangamka kama sikukuu. Mke wa Ibrahimu, yule wa duka la vyuma, alijiona alivyokuwa mwembamba, akauliza msichana huyo alikwenda wapi. Nikamwambia alimezwa na chapati. Alicheka mpaka tukampa maji.

Na wewe nilikupigia. Ukanijibu mbio mbio kwamba ya kwako ifutwe, tena iwe ya kwanza, hutaki hata kuisikia. Sikukuuliza sababu. Farhan alikuoa kwa tarumbeta, akakupeleka Chunya kwenye dhahabu yake, akakupa talaka kwa simu kama anayeghairi mzigo. Tangu hapo unaona haya kupita Mlandege, kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Lakini kanuni yangu ni moja: mwenye chake ndiye mwenye neno. Nikamwambia Gloria afute, akafuta, upande wa wanaume na wa wanawake. Kwako ndiko tulikoanzia.

Zilipokwisha kuhama za wengine, tukafuta zote, kioo kikawa kitupu. Hapo nikafanya ujinga. Nikatwaa kanga, nikatoka nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake kuwa diski ya zamani ni safi, wastarehe. Wakaniombea dua. Narudi, namkuta Gloria kakunja uso. Akasema alitaka kunieleza, mimi nilishatoka. Kumbe kufuta kule ni kama kutupa kitu jalalani: nyumbani hukioni tena, lakini anayejua jalala anakwenda kukiokota. Na akaniokotea pale pale bibi harusi mzima na hina zake. Nikafikiria Ambrosi na duka lake. Nikamfokea Gloria, maana ndiye aliyekuwa karibu, kisha nikavaa kanga tena, nikazirudia nyumba zile zile kusema kwamba neno langu la asubuhi lilikuwa bichi. Usiombe kutembea safari kama ile.

Gloria akanieleza dawa yake. Diski inaandikwa upya tena na tena, takataka tupu zisizo na maana, kama unavyopaka ukuta chokaa mpaka asijue mtu palikuwa na nini. Lakini kabla ya kupaka, akasema, tuokote kila kitu tuhakikishe hakuna kilichosahaulika. Tukaokota. Na wewe ukarudi.

Sasa sikia, na usininunie kabla sijamaliza.

Nilimwambia Gloria afunge. Halafu nikamwambia asifunge. Upande wa wanaume nilimwona Farhan na koti lake la kuazima, nikasema huo upakwe chokaa. Upande wa wanawake niliutazama wote, tangu kukusinga mwili kwa liwa mpaka ngoma. Nasrin, Farhan hayumo mle. Hata kivuli chake hakimo. Uliyemo ni wewe, unacheka mpaka liwa linapasuka usoni. Yumo Bi Shufaa, somo wako aliyekufunda, ambaye mwaka huu tumemzika, anapiga ngoma na kukutania kwamba kiuno chako kina usingizi. Halafu unakuja mkono wako, unaziba kioo cha kamera, picha inayumba. Unaninyang'anya kamera. Na hapo natokea mimi. Nacheza, kanga imelegea, wala sijali.

Miaka yote nimewapiga picha wanawake wa watu, na mimi simo popote. Tumetafuta. Nimo kwako tu.

Basi nimekukaidi. Upande wa wanaume umekwenda, na kompyuta ameshaichukua Ambrosi, tupu kama sufuria ya jana. Upande wa wanawake nimeuhamisha. Umo kwenye diski mpya, ndani ya kasha langu la ubani, na ufunguo ninao shingoni. Mwenye chake ndiye mwenye neno, sijageuka. Lakini mle na mimi nina changu. Siwezi kuibakiza picha hiyo bila wewe, na wewe huwezi kuifuta bila mimi.

Na hao watu wa Mlandege unaowakimbia: kila mwanamke aliyekuja na flashi aliniuliza Nasrin anakuja lini. Farhan hakuulizwa na mtu. Hata pilau ya harusi ile wameisahau, ilikuwa na chumvi nyingi.

Mke wa Ibrahimu anakusalimu, na mzee Sifaeli, na Gloria huyu, ambaye mkono umeanza kumuuma. Nisalimie wote unaoishi nao vizuri, wengine waache.

Ukija, uje na flashi yako kama wenzako, maana amana haipandishwi kwenye basi mikononi mwa dereva. Gloria ataleta kompyuta yake ndogo, tutatazama wawili, kisha utasema. Ukisema ifutwe, utaweka kidole chako juu ya changu, tubonyeze. Ila usinijie gizani kama mwizi wa kuku. Shuka mchana, sokoni kukiwa kumejaa, upite barabara kubwa, polepole, nikuone kutokea mlangoni.

Bibi yako,
Mwanakhamisi