Sababu ya Kifo cha Mama

Dada, shikamoo.

Huku sijambo, ila goti linanisumbua. Ofisi yetu imehamia ghorofa ya tatu, na kazi ni ile ile ya kuhesabu vifo vya dunia nzima.

Jana ilifika orodha ya wilaya yetu. Nikamkuta Mama: mwanamke, miaka sitini na minane, kijiji chetu, tarehe ile ile, sababu haijulikani. Mwenzangu akauliza, "Mbona unalia?" Nikasema ni macho tu.

Najua sikuja kumzika. Nilikuwa ng'ambo, nikipima malaria kwa watoto wa watu. Nitukane, dada, lakini pokea simu. Aliugua nini? Sitaki kujaza fomu. Nataka kujua kama aliniulizia, na ulimjibu nini.

Mdogo wako, hata ukinikana.